Mashahidi Wawili wa Tendo Moja

Mashahidi wawili wakitofautiana mahakamani juu ya jambo walilolishuhudia pamoja, wasikilizaji hudhani upesi kwamba mmoja wao ni mwongo. Dhana hii ni ya zamani, wala haikosi faida, kwa kuwa mara nyingi hutokea kuwa kweli. Walakini iko hali ambayo mashahidi wote wawili ni waaminifu, wote wameliona jambo lenyewe, na bado maneno yao hayapatani. Katika hali hiyo hakimu mwenye haraka hutenda dhuluma bila ya kujua kuwa ameitenda. Nataka kuichungua hali hiyo. Mfano wangu sikuutoa mahakamani wala katika vitabu vya wanafalsafa. Nimeutoa katika chombo kidogo ambacho yamkini msomaji amekishika mara nyingi kuliko kalamu, yaani kipanya cha kompyuta, na katika programu zinazopokea habari zake, ambazo tumezoea kuziita vivinjari. Nimeuchagua mfano huu kwa sababu hakimu mwenye haraka nilikuwa mimi.

Mwaka 2014 nilikuwa nikifundisha usomaji wa miswada ya kale ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Nilikuwa nimejifunza JavaScript kidogo, kiasi cha mtu aliyejifunza kuogelea katika maji ya magotini, na kwa elimu hiyo nikatengeneza ukurasa wenye picha ya mswada. Mwanafunzi akilibofya neno asilolijua, maana yake hutokea kando. Nilijivunia ukurasa ule kuliko ulivyostahili. Wanafunzi walipewa zoezi la kueleza yaliyomo katika mswada, na kazi zilipokuja, moja kati yao ilinichukiza. Palipotajwa jahazi, mwandishi wake alieleza habari za kitanda. Palipokuwa na dua, alizungumzia bei ya nguo. Nikampa sifuri, na chini yake nikaandika kwa wino mwekundu kwamba mtu asiyesoma asijisumbue kuandika.

Msichana yule alikuja ofisini, akaniamkia, akasema kwa adabu: "Mwalimu, niliandika nilichoonyeshwa." Nikaufungua ukurasa mbele yake katika kompyuta yangu. Nikabofya neno la kwanza, maana sahihi ikatokea. Nikabofya la pili na la tatu, mambo yakawa vile vile. Sikumwambia kitu, kwa kuwa niliona ushahidi umekwisha sema. Alikitazama kioo, akanitazama mimi, akasema: "Basi, Mwalimu, labda ni mimi." Akaondoka.

Majuma matatu baadaye kompyuta yangu iliharibika, nikaenda kuandaa somo katika chumba cha kompyuta cha wanafunzi. Nilibofya neno la mstari wa kwanza. Nikapewa maana ya neno la mstari wa tatu. Nilibofya tena, nikapewa ile ile. Kompyuta yangu ilikuwa na kivinjari cha Chrome. Kompyuta za chumba kile zilikuwa na Firefox.

Ili msomaji aelewe kilichotokea, hapana budi nieleze kazi ya kivinjari katika jambo hili. Mtu abonyezapo kitufe cha kipanya, tendo ni moja na kidole ni kimoja. Lakini ukurasa hauna macho ya kukiona kidole. Kivinjari ndicho kinacholipokea tendo, kikalitengeneza kuwa tukio, kikaliandikia sifa zake: kitufe gani kilibonyezwa, mahali gani, juu ya kitu gani. Kisha huukabidhi ukurasa maelezo hayo. Basi mwandishi wa ukurasa ni hakimu kipofu. Hajui lolote ila analoambiwa na shahidi wake.

Mashahidi hao hawakulelewa nyumba moja. JavaScript ilitungwa mwaka 1995 na Brendan Eich, katika kampuni ya Netscape, kwa muda wa siku 10 tu. Mwaka 1996 Microsoft ikaweka lugha inayofanana nayo katika Internet Explorer 3. Wakati ule hapakuwa na sheria iliyoeleza tukio la kipanya lisimuliwe vipi, na kila kampuni ilisimulia kwa hesabu yake. Katika Netscape 4 kitufe cha kushoto kiliitwa 1, cha kati 2, cha kulia 3. Katika Internet Explorer cha kushoto kilikuwa 1, cha kulia 2, na cha kati 4. Sheria ya pamoja ilipokuja ikaanza kuhesabu kwenye sifuri: kushoto 0, kati 1, kulia 2. Basi hakimu akisikia "mbili" na asimjue msemaji, hajui kama ni kitufe cha kati au cha kulia. Na akisikia "moja" hajui kama ni cha kushoto au cha kati.

Watu wengi waliicheka hesabu ya Internet Explorer, iliyoruka kutoka 2 kwenda 4 kana kwamba aliyeitunga hajui kuhesabu. Mimi nathubutu kuitetea. Ukitumia 1, 2 na 4, kila jumla ina maana moja tu: 3 ni kushoto na kulia kwa pamoja, 5 ni kushoto na kati, 7 ni vyote vitatu. Haikuwa hesabu ya mpangilio wa vitufe bali ya hali ya mkono mzima. Na ajabu ni kwamba miaka mingi baadaye, sheria ya pamoja ilipoongeza sifa ya kueleza vitufe vyote vinavyoshikiliwa kwa wakati mmoja, ilirudia hesabu ile ile iliyochekwa: 1, 2, 4. Aliyedhaniwa mpumbavu alikuwa akijibu swali jingine.

Mifano ya namna hii ni mingi. Gurudumu la kipanya likisogezwa hatua moja kwenda juu, Internet Explorer ilisema 120, na Firefox ya zamani ikasema 3 yenye alama ya kutoa mbele yake. Kwa mmoja kupanda ni kuongeza. Kwa mwingine kupanda ni kupunguza, maana alihesabu mistari iliyoshuka. Tena mtu alipobofya mara mbili upesi, Internet Explorer za zamani hazikutaja kubonyezwa kwa mara ya pili. Zilisema kitufe kimeachiwa mara mbili, lakini kimebonyezwa mara moja. Hapa sitetei. Shahidi anayenyamazia nusu ya alichokiona amefanya kosa, hata kama kila neno alilolitamka ni la kweli.

Lakini kosa la ukurasa wangu halikuwa la kunyamaza, nalo ndilo linalonisumbua fikra hata leo. Nilihitaji kujua kidole kimegusa wapi katika picha. Chrome ilikuwa na sifa iitwayo offsetY, inayopima kutoka ukingo wa juu wa kitu kilichobofywa. Firefox haikuwa na sifa hiyo. Iliipata mwaka 2015. Ilikuwa na nyingine iitwayo layerY, inayopima kutoka ukingo wa juu wa tabaka ambalo kitu kile kimo ndani yake. Katika ukurasa wangu tabaka hilo lilianza juu ya picha, kwenye kichwa cha habari chenye urefu wa nukta 96, na kila mstari wa mswada ulikuwa na nukta 48. Mwanafunzi alipobofya nukta ya 20 katika picha, Chrome ilisema 20, yaani mstari wa kwanza. Firefox ilisema 116, yaani mstari wa tatu. Nani kati yao alisema uongo? Hakuna. Mmoja alipima kutoka dirishani, mwingine kutoka paani, na wote walipima sawasawa.

Tunapouliza "ukweli ni upi?" twadhani kwamba tumeuliza swali zima, kumbe tumeuliza nusu. Mahali si sifa ya kitu peke yake. Ni uhusiano wa kitu na pale panapoanzia kipimo. Mtu akikuambia kijiji kiko umbali wa saa mbili, hajakuambia kitu mpaka ujue anaanzia wapi na anakwenda kwa nini. Ninajua kwamba wako watakaoruka kutoka hapa na kusema kuwa basi hakuna ukweli, kila mtu na wake. Rai hii ni ya uvivu. Kidole kiligusa neno moja wala si mawili. Palikuwa na jibu sahihi na jibu la makosa, na mwanafunzi wangu alipewa la makosa. Kutofautiana kwa vipimo hakuondoi kitu kinachopimwa. Hutulazimisha tu kuuliza vilianzia wapi kabla ya kuhukumu.

Nije kwenye jambo la majina. Mtu mwingine angeweza kusema kuwa dawa ni nyepesi: kila kivinjari kiulizwe jina lake, kisha kitendewe kadiri ya jina hilo. Dawa hii ilijaribiwa tangu mwanzo, nayo ilizaa uongo mwingi kuliko ugonjwa uliokusudiwa kuponywa. Kivinjari cha Netscape kilijitambulisha kwa jina la Mozilla. Kiliweza kugawa ukurasa katika fremu, na waandishi wa kurasa wakaanza kuwapa kurasa nzuri wenye jina hilo na wengine kuwapa makombo. Internet Explorer ilipokuja ilijitangaza kuwa nayo ni Mozilla, ili isinyimwe. Waliofuata nao wakafanya vivyo. Hata leo Chrome, Safari, Firefox na Edge zote huanza kujitambulisha kwa neno Mozilla, na Chrome huongeza jina la Safari na kusema tena kwamba inafanana na Gecko, ambayo ni mashine ya Firefox. Ni kama mgeni anayebisha hodi kwa kutaja majina ya koo zote za mji.

Je, huu ni uongo? Kwa sura yake ni uongo. Lakini nashindwa kumlaumu mgeni kuliko mwenye nyumba. Mlango ukifunguliwa kwa jina wala si kwa adabu, wageni wote hujifunza jina. Aliyeweka sharti lisilo la haki hana budi kubeba sehemu ya uongo uliotamkwa kulitimiza. Na uongo huu umekwisha poteza hata nguvu ya kudanganya, maana neno lisemwalo na wote halimtambulishi yeyote.

Mafundi wenye busara waliiacha njia ya majina, wakafundisha njia ya matendo: usiulize kivinjari kinaitwaje, uliza kinaweza nini. Kama kina sifa hii, itumie. Kama hakina, tafuta nyingine. Nilipolisoma fundisho hili nililipenda, kwa kuwa linafanana na maadili tuliyolelewa nayo, ya kumpima mtu kwa kazi yake wala si kwa ukoo wake. Na hapo ndipo nilipoangukia. Ukurasa wangu haukuuliza jina. Uliuliza: je, unayo offsetY? Kama huna, nipe layerY. Nilimpima shahidi kwa tendo, nikahakikisha kwamba ana namba ya kunipa, nisihakikishe kwamba namba yake ina maana ile ile. Basi hata njia ya matendo ina upofu wake. Haitoshi kujua kwamba mwenzio anaweza kujibu. Sharti ujue amejibu swali gani.

Sisi wa Kiswahili hatukupaswa kuyajifunza haya kutoka kwa kompyuta. Mtu wa Lamu asemaye "mato" na mtu wa Unguja asemaye "macho" huona kwa viungo vile vile, na hitilafu hiyo haimdhuru mtu, kwa sababu ni maneno mawili kwa kitu kimoja. Hatari ni neno moja kwa vitu viwili. Mzee wa Mombasa akimwita mtoto wa bara kwa kusema "ndoo", mtoto anaweza kurudi na chombo cha maji. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipoichagua lahaja ya Unguja kuwa msingi wa lugha ya shule na vitabu, na Kamati ya Lugha ikaundwa mwaka 1930 kuisimamia, hapana aliyethibitisha kwamba Kimvita au Kiamu ni makosa. Lilikuwa shauri la kupatana, wala si hukumu ya ukweli. Lakini wapo waliolifanya kuwa hukumu, na watoto waliosema kama mama zao walisahihishwa kwa wino mwekundu kama wangu.

Vivinjari navyo vilipata kamati yao, ambayo ni W3C, iliyoasisiwa na Tim Berners-Lee mwaka 1994. Moja katika mashauri iliyoyakuta mezani lilikuwa la kupendeza. Mgeni abishapo hodi, nani asikie kwanza: mzee wa nyumba au mtoto aliye karibu na mlango? Netscape 4 ilifundisha kwamba tukio huanzia juu, kwenye dirisha zima, likashuka hadi kwenye kitu kilichoguswa. Internet Explorer 4 ilifundisha kinyume, kwamba huanzia kwenye kitu, likapanda. Mwezi wa Novemba 2000 W3C ikaamua kwamba tukio lishuke kwanza, kisha lipande, na mwandishi wa ukurasa achague asikilize katika safari ipi. Wako wanaoiita hukumu ya woga, iliyowapa wote ushindi. Sikubaliani nao. Mzee ana haki ya kuzuia jambo kabla halijamfikia mtoto, na mtoto ana haki ya kujibu kabla halijampandia mzee. Haki hizi mbili hazipingani. Suluhu hiyo ilikuwa kweli kubwa kuliko kila moja ya zile zilizoingia ndani yake, jambo ambalo si la kila suluhu. Hata hivyo Internet Explorer haikuitii mpaka toleo la 9, mwaka 2011, na kwa zaidi ya miaka 10 mafundi waliandika kila kitu mara mbili, au walitegemea maktaba kama jQuery, aliyoitoa John Resig mwaka 2006, ambayo kazi yake mojawapo ilikuwa kuwa mkalimani kati ya mashahidi.

Mara nyingine sheria ndiyo iliyokwenda kwa mkosaji. Internet Explorer ilikuwa na mazoea ya kuliweka tukio mahali pa wazi, ambapo sehemu yoyote ya ukurasa ingeweza kulichukua bila ya kukabidhiwa. Wajuzi waliyakemea mazoea hayo kwa miaka mingi. Lakini kurasa nyingi mno zilikuwa zimejengwa juu yake, na mwishowe vivinjari vingine vikayafuata, na sheria ikayaandika, ingawa inawaonya watu wasiyatumie. Je, kosa likitendwa na wengi huwa haki? Nasema hapana, lakini wajibu mpya huzaliwa. Aliyeandika ukurasa mwaka 1999 kwa kufuata chombo pekee alichokuwa nacho hakutenda kosa, na kuuvunja ukurasa wake leo kwa ajili ya usafi wa sheria ni kumwadhibu asiyehusika. Sheria ilikubali doa ili mtu asidhulumiwe. Naiheshimu kwa hilo, ingawa najua kwamba hoja hii hii hutumiwa na wenye nguvu, ambao hueneza kosa upesi kwa makusudi ili kesho waitwe desturi. Kati ya mambo haya mawili sijapata kipimo kisichoyumba. Natazama tu ni nani ataumia.

Siku hizi ugomvi umepungua. Microsoft iliiacha mashine yake, na tangu mwaka 2020 Edge imejengwa juu ya Chromium, ambayo ndiyo msingi wa Chrome. Tarehe 15 Juni 2022 Internet Explorer ikastaafishwa. Firefox na Safari zina mashine zao bado, lakini vivinjari vingi vingine vinasema kwa kinywa kimoja. Mafundi vijana husherehekea, nami siwanyimi furaha yao. Ila nakumbuka kwamba ukurasa wangu ulikuwa na kosa tangu siku nilipouandika, na kwa kompyuta yangu peke yake nisingalilijua kamwe. Shahidi wa pili ndiye aliyelifichua. Akibaki shahidi mmoja, mabishano yatakwisha, lakini haitakuwa kwa sababu ukweli umepatikana.

Dawa yenyewe ilikuwa fupi. Niliweka vivinjari viwili kando kwa kando, nikaviamuru viandike kila kipimo vilichonacho kwa kila mbofyo, nikavisoma kama nisomavyo nakala mbili za mswada mmoja. Kipimo kimoja kilipatana kote: umbali wa kidole kutoka ukingo wa dirisha la kivinjari. Tena vyote viwili viliweza kueleza umbali wa picha kutoka ukingo huo huo. Nikatoa cha pili katika cha kwanza, nikaacha kutegemea kipimo ambacho sikujua kimeanzia wapi. Kazi ilichukua adhuhuri moja. Majuma matatu nyuma ingechukua adhuhuri hiyo hiyo, lau ningalimwuliza mwanafunzi yule swali moja tu: ulikaa kwenye kompyuta gani?

Nilimwita, nikamweleza, nikamwomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Na wale wengine, Mwalimu?" Sikuwa nimefikiri kwamba wako wengine. Nilirudi kwenye makaratasi, nikakuta kazi mbili zenye makosa ya namna ile ile, kila neno limepewa maana ya mstari wa pili chini yake. Nilikuwa nimezipa alama duni bila hata ya kukasirika, na wenyewe hawakuja kulalamika. Mmoja nilimpata, nikamrudishia alama zake. Wa pili alikuwa amekwisha kuliacha somo juma lililotangulia, na kwenye fomu, penye nafasi ya sababu, alikuwa ameandika kwamba hana kipaji cha kusoma hati za kale.